Tutapumzika Pangani

Kosta ilipotoka Ikungi, binti aliyepakata mtoto wa miaka miwili alimwamkia mama wa kando yake, na kabla hatujafika mbali alikuwa ameshamweleza likizo yake yote. "Mume wangu kasema tutaenda Pangani siku tatu. Tutapumzika ufukweni."

"Mtafikia wapi?"

"Kwa mama yake."

"Ala! Na mzigo?"

"Mdogo tu, mama. Kuku wanne, dumu la mafuta ya alizeti, na asali ya Itigi."

Ndivyo watu wanavyokwenda kuogelea.

"Mtoto atashikwa na nani?"

"Mimi. Baba yake amechoka sana na kazi."

Yule mama akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, kwenye hiyo 'tutapumzika' ya mumeo, wewe umo?"

Binti akanuna. "Mkwe wangu ananipenda!"

Tulikuwa tunaingia stendi ya Singida simu yake ilipoita. Mikono imejaa mtoto, akaweka spika, tukasikia sote. "Njooni salama, mkwe wangu," ilisema sauti tamu ya Pangani. "Msichana wa kazi nimempa ruhusa siku hizo tatu, naye akapumzike kwao."

Konda akafungua mlango. Nikashuka nikimpongeza kimoyomoyo yule msichana.