Antena Niliyoiita kwa Jina la Nyingine

Ndugu zangu, nianze na ujinga wenyewe, maana mkisubiri sifa mtalala. Niliazima antena, nikaifunga juu ya stendi, halafu kwenye kompyuta nikaiandikia jina la antena nyingine, iliyokuwa imepasuka na kulala chini ya kitanda changu. Basi, kosa ni hilo. Cheka tu, mama, usijibane. Hata mke wangu alicheka, mpaka alipoelewa.

Mnanijua, mimi ni mtu wa ndani. Nikitoka hapa Kabeza kwenda Kiyovu, mji huu huu mmoja, narudi nikidai maji ya kuoga kama mtu aliyetoka ng'ambo. Na Mungu naye ana utani wake: mtu apendaye kochi kiasi hiki, akampa kazi ya kupima ardhi.

Zamani nilitembea, lakini. Nilipomaliza sekondari niliingia kwenye kikosi cha wapimaji, sisi wanne na bosi wetu. Asubuhi tulikuwa juu huko Gatsata, umande umetulowesha suruali mpaka magotini, flaski moja ya chai kwa watu watano, viazi vitamu vimefungwa kwenye gazeti. Kituo cha mabasi cha Nyabugogo kiko chini, unasikia honi zake lakini hazikuhusu. Siku hizi nikinusa kiazi cha kuchemsha, naisikia baridi ile ya asubuhi kwenye magoti.

Bosi alikuwa na sheria moja iliyotuchekesha. Kabla ya kupima, mmoja anaigeuza antena kichwa chini na kusoma kwa sauti jina lililo kwenye kibandiko. Mwingine analirudia huku akiandika. "Soma jina!" bosi anapaza sauti, na mlima unaitikia. Sisi tuliuita ubatizo. Ukisoma kwa kunong'ona, unarudia.

Nawaambia sababu yake, na msisinzie, nitakuwa mfupi. Antena hii inasikiliza setelaiti huko juu, na kwa hizo tunajua mahali tuliposimama, mpaka sentimita. Lakini je, inasikia kwa sehemu gani yake? Kwa macho unaona kisahani cheupe tu. Sikio lake liko ndani, halionekani, na kila aina ina sikio mahali pake: hii juu kidogo ya kitako, ile juu zaidi. Tena hucheza kidogo kufuatana na upande setelaiti iliko na ilivyo juu au chini angani. Kwa hiyo kila aina huchunguzwa na wataalamu, ikaandikiwa jedwali lake la masahihisho. Sisi tunapima urefu mpaka kitakoni, kompyuta inamalizia mpaka sikioni. Nayo inajua jedwali la kutumia kwa jina unaloiandikia. Ukidanganya jina, inatii uongo wako kwa adabu zote.

Kikosi kilitawanyika, vyombo vikawa vyepesi, kila mtu akawa anapima peke yake. Mimi nilifurahi kuliko wote. Nani tena wa kunipigia kelele?

Mwaka huu majirani waliniomba niwapimie mfereji wa mtaa wetu. Ndugu zangu, Kabeza si Gatsata. Gatsata maji yanajua njia yenyewe. Hapa kwetu kuna sehemu tambarare kama meza, maji lazima uyabembeleze. Alhamisi nilipima nusu ya juu. Jioni, nikiwa na haraka ya chai yangu, natafuta ufunguo wa geti, antena ikaniponyoka ikapasuka. Ijumaa nikaazima nyingine kwa rafiki yangu mmoja wa kikosi kile cha zamani. Nyeupe, duara, zinafanana kama mapacha. Nikapima nusu ya chini, nikapigilia vigingi na kuandika juu ya kila kimoja wachimbe kina gani, nikarudi kwenye kochi.

Jumamosi ilikuwa umuganda, siku ya kazi ya pamoja, mtaa mzima na majembe. Aliyeongoza kuchimba ni fundi wetu wa mawe. Yuko humu ndani, msigeuke kumtazama, ana aibu. Walipofika katikati akaacha jembe, akaniita.

"Mupimaji, hapa iko inapanda."

"Inapanda kwa macho yako," nikamwambia. "Macho yako yanaona mpaka angani?"

Watu wakacheka. Nilipenda walivyocheka. Fundi akasema, "Sawa, kigingi ni chako," akachimba kama kigingi kilivyosema.

Mvua ya kwanza, maji yalikuja vizuri kutoka juu, yakafika katikati, yakasimama, yakajaa. Halafu yakageuka yakaingia kwa jirani yangu, mama mshonaji, chumba cha mbele penye cherehani na vitambaa vya watu. Gauni jeupe la harusi likageuka rangi ya udongo wetu.

Tukaitana. Kila mtu akanitazama mimi, na mimi, ndugu zangu, nikamtazama fundi. Nikasema, "Vipimo ni vya setelaiti. Uchimbaji ni wa watu." Maneno mazuri, eeh? Niliyasema nikiwa nimesimama wima kama nilivyosimama leo. Ikaamuliwa kazi ya kuujengea mfereji mawe apewe mtu mwingine. Fundi wetu, mtu aliyepanga mawe ya mtaa huu miaka yote, mbele ya watoto wake, akaambiwa hajui kuchimba. Alichukua jembe lake akaenda.

Wiki iliyofuata nikarudisha antena. Rafiki yangu alinikaribisha chai, tukakumbuka mambo ya mlimani, nani aliteleza, nani alikula kiazi cha bosi. Katika kucheka akaipokea antena, akaigeuza kichwa chini, akapaza sauti ya bosi kabisa:

"Soma jina!"

Nikainama nisome, huku nacheka. Sikumaliza kulisoma.

"Vipi, sha?" akaniuliza. "Umesahau herufi?"

Nilikwenda nyumbani nikafungua faili. Kazi ya Ijumaa yote ilikuwa na jina la ile ya chini ya kitanda. Nikabadilisha jina, nikakokotoa upya. Ardhi yote ya nusu ya chini ikapanda sentimita sita. Yaani vigingi vyangu vya Ijumaa viliwaagiza watu wachimbe pungufu kwa sentimita sita, na pale Alhamisi ilipokutana na Ijumaa, katikati ya mfereji, palikuwa na kizingiti. Fundi alikiona kwa macho. Sentimita sita ni kitu gani? Mkono haujai. Mahali pengine zingepita bila kujulikana. Kwenye meza yetu hii zilitosha kugeuza maji.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanguka kweli. Lile la jina lilikuwa bahati mbaya ya uvivu. Baada ya kujua, nilikaa siku tatu kimya. Nilijiambia nitawaeleza nini watu, sikio la antena? Hawataelewa. Hakuna aliyeweza kunikamata duniani. Kochi langu lilikuwa laini kama siku zote, ila nilikuwa nageuka-geuka juu yake kama chapati.

Siku ya tatu fundi akapita getini. Ametoka kutafuta kibarua mtaa mwingine. Akaniona barazani, akanyoosha mkono. "Mwiriwe, mupimaji! Nyumbani wazima?" Bila hasira hata kidogo. Ndugu zangu, angenitukana ningepona. Salamu ile ndiyo iliyonitoa kitini.

Nilimfuata njiani bila viatu. Nikamwambia, "Mzee, uliona sawa. Mfereji unapanda. Nilikosea mimi, na nimelijua tangu juzi."

Akanigeukia. "Tangu juzi?"

"Tangu juzi."

"Basi utayasema pale uliposema yale ya kwanza. Mimi usiniambie njiani."

Nikaitisha watu. Nikawaonyesha kwa sufuria mbili zinazofanana, moja nimeitia mawe chini mtu asione, nikawaambia wapime kina kwa nje tu, waone watakavyokosea. Wengine walielewa, wengine walinihurumia tu. Lakini waliposikia kwamba fundi hana kosa, walielewa wote. Kazi ya mawe ikarudi kwake. Tukachimba upya nusu ya chini, mimi nikiwa mbele na jembe, na malengelenge haya hapa, mtakaotaka kuyaona mpite baadaye. Fundi akaja na mpira wake wa maji wa kusawazisha, akapima juu ya vipimo vyangu. Vikalingana. Akasema "Eee," akaendelea na kazi.

Namshukuru yeye. Namshukuru rafiki yangu kwa utani ulioniokoa, mke wangu aliyelifua gauni lile mara nne kwa mikono yake, na bosi wetu wa zamani popote alipo, aliyekuwa hakubali kunong'ona. Fundisho langu ni dogo: vitu vikifanana, ndipo ulisome jina kwa sauti, na awepo mtu wa kukusikia. Mimi sasa namwita mke wangu barazani, namsomea jina kwenye kibandiko, analirudia huku anachambua maharage. Anasema amechoka kubatiza masahani.

Mvua ilipokuja tena, nilitoka na mwavuli, mimi mtu wa ndani, nikasimama mbele ya dirisha la mama mshonaji kuyatazama maji yakipita. Yalipita yote. Nikaendelea kusimama, machozi yananilenga, nangoja labda aniambie neno la faraja. Akafungua dirisha, akasema hivi, sikuongeza wala kupunguza:

"Baba, maji yamepita. Na wewe pita sasa, unanizibia mwanga."