Chumvi ya Brigedi na Mgongo wa Kapteni

Sogeeni, wanangu, kaeni chini wote, na wewe Anene zima hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana nayo. Daktari amezungukazunguka na maneno, lakini mwili huu ni wangu na habari zake nazijua. Nwabueze, wewe ndiye mkubwa, nyumba hii na shamba la viazi vikuu lililo nyuma yake ni vyako, ila chumba cha mama yenu hakiguswi mpaka akihame kwa hiari yake. Anene, michikichi ya bondeni ni yako, na usimuuzie baba yako mdogo hata mche mmoja, kwa sababu alisogeza mpaka wa shamba nilipokuwa vitani akidhani sitarudi, na mimi sijasahau. Uzoamaka, mwanangu, mashine ya kusaga mihogo nakupa wewe, na atakayesema binti harithi aje aniambie mimi kabla sijafumba macho.

Sasa nisikilizeni kwa lile lililonikaa kooni. Kamati ya mji imekuja kuomba mchango, wanataka uwanja wa soko uitwe jina la Obiechina. Kapteni Obiechina! Toeni, sikatai, lakini mtu asipige makofi kwa niaba yangu.

Ni rika langu, tumecheza wote vumbini, na tangu hapo yeye ndiye alikuwa wa kutazamwa. Vita ilipokuja yeye alipewa askari, mimi nikapewa stoo. Mwaka ule wa mwisho, Biafra, nchi tuliyokuwa tukiipigania, ikiwa imebaki kipande kilichozungukwa na adui, kulisha brigedi nzima kulikuwa juu yangu: mihogo ing'olewe wapi, nani aikune na kuikaanga iwe unga wa garri, lori lipate wapi mafuta, viatu vya waliokufa avae nani. Hakuna aliyemwimbia mtunza stoo. Obiechina alikuwa akipita na vijana wake anapaza sauti, "Bwana Stoo, leo tunakula nini, hewa?" Askari wanacheka, na Nwakaego, mama yenu huyu mliyemzunguka, aliyekuwa akikaanga garri na wenzake nyuma ya shule, naye anacheka. Kile kicheko bado nakisikia.

Kilichotushinda ni chumvi. Watu walikuwa wanavimba miguu, chakula kinapita mdomoni kama majani. Chumvi ilikuwa upande wa adui, na wanawake wenye moyo walikuwa wakivuka msituni kwenda kuinunua kwenye masoko ya kule. Mama yenu akaniambia anakwenda. Nikamwambia, "Huendi." Akajifunga kitambaa kiunoni, akasema, "Kwani si wewe unayelisha jeshi? Basi niache nikusaidie kulilisha." Na nani aliamriwa kuwasindikiza? Obiechina. Nilisimama mlangoni pa stoo nikawatazama wanaingia msituni, yeye mbele, mama yenu nyuma yake, na sikuona wengine.

Wakiwa huko, mstari wetu ukavunjika. Wakubwa wakapanda magari wakapotea, brigedi ikawa makundi makundi barabarani. Mimi sikuondoka kwenye masufuria. Nilikwenda na wapishi kung'oa mihogo ya mashamba yaliyokimbiwa, mizinga ikilia upande wa mto, tukawalisha watu tusiojua hata ni wa kikosi gani, maana mtu mwenye njaa na bunduki akikosa chakula kwangu angekwenda kukitafuta kwa mama wa mtu kijijini. Hilo nalo lipewe uwanja basi!

Asubuhi moja nikasikia kelele. Obiechina alikuwa anatoka msituni bila viatu, mama yenu yuko mgongoni mwake, mguu wa mama yenu umepigwa risasi, na chumvi ameifunga tumboni kwa kitenge, hataki mtu aiguse. Mama yenu alimpa mtu mmoja tu. Alinipa mimi. Niliitia kwenye masufuria kwa mkono wangu, askari wakala, wengine wakalia wakitafuna, na midomo ile ile iliyojaa chakula changu ikawa inasema, "Kapteni ametuletea chumvi!" Wakambeba juu. Muda si muda redio ikatangaza kwamba vita imekwisha, wakatupa bunduki wakaenda makwao wakiwa wameshiba, na jina lake wakaenda nalo.

Lakini asubuhi ile, kabla hajamtua mama yenu, Obiechina alisimama akinitazama, anangoja neno. Nikamwambia, "Mtue pale kwenye mkeka." Basi. Sijaongeza neno mpaka leo, na siongezi. Kila mvua ikinyesha mama yenu akiusugua ule mguu, mimi naona mgongo wa yule mtu.

Unasemaje, Nwakaego? Sema kwa nguvu, wakusikie.

Mmemsikia? Anasema miaka yote hii sikuwahi kumuuliza yeye yaliyotokea njiani. Anasema mgongoni alikuwa akiweweseka kwa homa, anauliza kama nimekula, nani ananipikia, mpaka Obiechina akachoka, akamwambia, "Mama, ukimtaja Bwana Stoo mara nyingine nakutua hapa hapa kwenye siafu."

Usicheke, Uzoamaka. Mnaona sasa? Hata maneno hayo, yaliyokuwa yangu, aliyeyasikia ni Obiechina.

Nipeni maji. Kidogo.

Nizikeni karibu na mama yangu. Mtu asihutubie kabla wageni hawajala, na chakula kisipungue, mtaniaibisha. Msigombane. Mungu awape watoto, awape mvua kwa wakati wake, mikono yenu isirudi mitupu, na mama yenu... mama yenu asikose mtu wa kumkanda mguu. Mmoja wenu. Nimesema mmoja wenu, si mtu mwingine.

Nani huyo anabisha hodi? Nwabueze, tazama.

Ni Obiechina. Nilijua. Ametembea kutoka kwake kwa miguu, na uzee ule?

Aingie... Si hapo, hapo ni karibu na mama yenu. Mwekeeni kiti huku, kwangu. Uzoamaka... muulize kama amekula. Hajala. Mpakulie, mwanangu. Mpakulie vizuri.