Konsolata Matimbwa na Moto wa Pumba

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi. Konsolata Matimbwa, fundi mkuu wa vipimo katika kiwanda chetu cha mpunga, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Nyumba yake iko Viwanja Sitini, ingawa wengi tulidhani anaishi hapahapa kiwandani.

Alifika akiwa binti kutoka Mahenge, mwenye cheti cha ufundi umeme na sauti isiyohitaji kipaza sauti. Enzi hizo joto la tanuri linalochoma pumba ili kukausha mpunga lilipimwa kwa vipimajoto vya waya, vilivyoungua kila msimu. Vikidanganya, moto unazidi, majivu yanayeyuka na matofali yanapasuka. Mama Konsolata aliwasumbua mameneja mmoja baada ya mwingine, hadi Bwana Luqman akakubali kununua faiba: uzi wa kioo ambao ncha yake hung'aa ndani ya tanuri, na mwanga huo husafiri hadi kwenye mashine inayosoma joto.

Faiba ilifungwa wakati wa masika, wakulima wa Mchombe wakiwa wamejaza uwanja wetu mpunga mbichi. Siku chache baadaye skrini ya mashine ile ikawa tupu. Bwana Luqman, akihofia tanuri kupasuka, aliamuru lizimwe jioni hiyo. Mpunga ungeota kwenye magunia, na faiba ingerudishwa ilikotoka.

Kosa lilikuwa la kwetu kabisa. Mama Konsolata mwenyewe ndiye aliyeufunga uzi ule kwenye bomba kwa mipira ya baiskeli, akaukaza kama tunavyokaza gunia kwenye keria. Ulikunjika, mwanga ukashindwa kupita. Alipogundua, alicheka mpaka Muhidin, mkuu wa zamu, akaingiwa na wasiwasi. Kisha akakata mipira yote, akaulaza uzi kwa mapindo mapana, akamwita meneja: "Bosi, njoo usome mwenyewe." Joto lilikuwa salama.

Tanuri halikuzimwa. Mpunga wote wa Mchombe ulikauka, na tangu masika yale hatujapasua tofali hata moja. Leo viwanda vya jirani vinatuma mafundi wao kujifunza hapa, nasi tunatembea vifua mbele.

Mama Konsolata, asante kwa ubishi wako. Tutaukumbuka, na wengine tumeshaanza kulia. Kapumzike kwa afya na furaha pamoja na wajukuu. Julai Mosi Teddy, uliyemfundisha, atashika nafasi yako, na tanuri litaendelea kuwaka.