Mirriam Kananu na Mlango Mmoja wa Sahan

Tarehe 28 Novemba 2025, Bi Mirriam Kananu, msimamizi wa mifumo ya kompyuta katika Kampuni ya Sahan, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Kamati ya hafla imeniomba niandike maneno ya kuchangamsha. Nitajitahidi. Lakini nilipomuuliza mwenyewe angependa niseme nini, alinijibu, "Andika kwamba nimechoka, Rukiyo. Usiweke sukari." Basi atakayekuta uchovu humu ajue umetoka kwa mwenyewe.

Kwa wageni wetu wa siku hiyo: Sahan inauza dawa na chanjo za mifugo. Makao makuu yako hapa Garissa, na matawi yako Modogashe, Dagahaley na Takaba. Kananu alifika kutoka Nkubu, Meru, mwaka 1999 akiwa mpiga chapa. Alinuia kukaa mwaka mmoja, apate uzoefu, kisha avuke daraja la Tana arudi kwao. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliizunguka kwa mbali. Yeye aliifungua kifuniko, akataka kujua ni nini kinachovuma ndani. Akasomea fani hiyo jioni baada ya kazi, na haukupita muda mrefu kila kitu chenye waya kikawa chake, hata birika la chai.

Miaka mingi kompyuta kuu na majokofu ya chanjo vilikaa chumba kimoja, kwa kuwa jenereta ilikuwa moja. Nje jua likiwasha lami, Kananu alikuwa ndani na sweta ya sufu, shingoni skafu. Wachungaji waliokuja kununua dawa walimwonea huruma wakidhani ana malaria, na mmoja wao alimletea maziwa ya ngamia ya kumtibu. Aliyanywa kwa adabu. Ilimchukua miaka kadhaa kuyapenda, naye hakuwahi kukubali kwamba ameyapenda, ila kibuyu kilirudi kitupu kila mara.

Mzigo wake mkubwa ulikuwa maneno ya siri. Sahan ilikuwa na mfumo wa ghala, wa oda, wa mishahara, wa barua pepe na wa kufuatilia malori, na kila mmoja ulidai neno lake. Watu walisahau, wakampigia simu. Na sisi Wasomali, p ikifika mdomoni hugeuka b, v nayo hugeuka f. Nilikuwa ofisini siku alipomsomea Mzee Kulow, mkuu wa tawi la Takaba, neno lake jipya.

"Ni p, mzee. P ya punda."

"Nimeandika hiyo. B ya bunda."

"Siyo b. Ni p."

"Ndiyo, Kananu. B."

Mfumo ulimfungia Mzee Kulow hadi kesho yake. Tangu hapo hakuna mtu wa Takaba aliyewahi kupewa neno lenye p wala v.

Mumewe, Mwalimu Muriuki, alifundisha hapa mjini mpaka wakati ule walimu wengi wa kutoka bara walipoomba uhamisho kwa hofu ya mashambulizi. Yeye pia alihamishwa, akarudi Meru na watoto. Tulimwandalia Kananu chai ya kumuaga, tukijua atafuata. Hakufuata. Alisema akiondoka, hakuna wa kumwachia kazi. Kwa hiyo miaka yote hii amekuwa mke wa mwisho wa mwezi, anapanda basi Ijumaa na kurudi Jumapili, macho mekundu kwa vumbi na usingizi. Tumezoea kumsifu kwa hilo. Sina hakika kwamba tulipaswa kuzoea.

Jambo ambalo Sahan itamkumbukia lilianza mwaka 2022, ukame ukiwa umeshatafuna mifugo mingi. Huko Takaba mbuzi waliobaki walianza kukohoa. Mzee Kulow aliagiza chanjo ya homa ya mapafu, oda ikapokelewa Garissa, wafugaji wakaambiwa wasubiri lori. Lori lilifika bila chanjo. Oda ilikuwa imefutwa kwenye mfumo, na jina lililoifuta lilikuwa la Weris, karani wetu wa Modogashe, ambako oda za Takaba hupitia. Chanjo nyingine ilipofika, zizi la mjane mmoja, Shamso, lilikuwa limebaki na mbuzi wawili.

Weris alisema siyo yeye. Siku hiyo alikuwa kwenye harusi ya dada yake Habaswein, na watu walimwona huko. Lakini jina lilikuwa lake, na Mkurugenzi wetu, Mzee Warsame, aliyekuwa amepigiwa simu na kila mzee wa Takaba, alimsimamisha kazi.

Kananu aliingia ofisini kwa Mkurugenzi siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa mle nimepeleka hesabu za mauzo, nikaambiwa nikae.

"Mzee, jina la Weris linatumiwa na watu wanne pale Modogashe," alisema. "Wengine wamesahau maneno yao, wanaingia kwa la kwake kwa kuwa ndilo linalofanya kazi. Huwezi kumwadhibu mtu kwa nguo wanayoivaa wanne."

"Basi nani amefuta?"

"Sijui. Wala hatutajua. Hilo ndilo tatizo."

"Kananu, mbuzi wamekufa. Lazima kuwe na mtu."

"Kuwe na mtu, ndiyo. Asiwe yeyote tu."

Weris alirudishwa kazini baada ya miezi miwili, ila Modogashe ni mji mdogo wa njia panda, na habari hupakiwa kwenye malori pamoja na mizigo. Alirudi amenyamaza. Alikuwa msichana wa kuimba akihesabu chupa, hakuimba tena. Na Kananu akaanza kuomba kitu kimoja: kila mfanyakazi awe na jina lake peke yake na njia moja ya kuingilia, akishatambuliwa pale, mifumo yote imfungukie bila kuulizwa tena. Watu wakikumbuka neno moja badala ya matano, alisema, hawataazimana. Sisi tukauita mlango mmoja.

Kukubaliwa kulichukua mwaka. Kuchagua kulichukua mwingine.

Kampuni ya kwanza kuja na mfumo wake ilitoka Nairobi, ikaleta kijana nadhifu aitwaye Martin. Mfumo wake ulipendeza. Unaandika jina, simu inapokea tarakimu, unaziingiza, umepita. Mkurugenzi alikuwa tayari kutia saini. Kananu akamwambia Martin, "Vizuri. Sasa twende ukatuonyeshe Takaba." Nilikwenda nao. Sitaisimulia barabara. Tulipofika, mnara wa simu ulikuwa umezimika, kama unavyozimika mara kwa mara. Martin aliandika jina, akasubiri tarakimu. Mzee Kulow akaagiza chai. Tukanywa. Akaagiza nyingine. Adhana ya alasiri ikapita. Mwishowe Mzee Kulow akauliza, kwa upole kabisa, "Sasa mbuzi yangu nakohoa, mimi naambia yeye ngoja ujumbe?"

Martin alicheka, nasi tukacheka. Njiani kurudi alikiri kwamba hakuwahi kufikiria mahali ambapo simu haishiki. Alikuwa kijana mwungwana, na simlaumu.

Wa pili alikuwa shemeji wa Mkurugenzi. Mfumo wake ulikuwa wa bei ya chini kuliko yote, nao ungekaa kwenye kompyuta moja hapa Garissa, akiutunza yeye mwenyewe. Hapo ndipo Kananu alipoteseka. Hakuna aliyetaka kumwambia Mkurugenzi neno juu ya shemeji yake, na sisi wenyeji ndio tuliokaa kimya zaidi. Katika mkutano wa wakuu wa idara, Kananu aliuliza swali moja: siku kompyuta hiyo ikizima, na shemeji yuko safarini, nani ataweza kutoa chanjo ghalani?

Wakuu wa idara walimtazama Mkurugenzi. Mwishowe Mkurugenzi mwenyewe akasema, "Hakuna."

"Mlango ukiwa mmoja, mzee, ukikwama wote tuko nje."

"Kananu, umenichosha."

"Hata mimi nimechoka. Weris amechoka kutuzidi."

Alitoka mkutanoni akaenda kuandika barua ya kuacha kazi. Najua kwa sababu mashine ya kuchapisha iko karibu na meza yangu. Aliichukua, akaisoma amesimama, akaikunja na kuitia mkobani. Siku tatu hakuzungumza na mtu zaidi ya salamu. Siku ya nne Mzee Warsame alishuka ngazi mwenyewe, jambo ambalo magoti yake hayapendezwi nalo, akakaa kwenye kiti cha plastiki kando ya majokofu na kusema, "Haya, nieleze wa tatu."

Mfumo wa tatu haukuwa wa bei rahisi wala wa kupendeza. Kila mfanyakazi anapewa kifunguo kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, pamoja na neno lake moja. Mtandao ukikatika, mashine ya tawini inaendelea kumtambua mtu kwa siku kadhaa, na kuandika kila alichofanya. Hitilafu ikitokea Garissa, kuna mashine nyingine mbali inayoshika zamu. Na anayeacha kazi hufungiwa mifumo yote kwa mara moja. Kananu hakumficha Mkurugenzi upungufu wake: mfumo wa malori ulikuwa wa zamani mno kuunganishwa, na hadi leo madereva wana neno lao la pembeni. Hilo linamkera. Amelitaja mara mbili wiki hii.

Mkurugenzi alitia saini, na wafanyakazi wakanung'unika. Vifunguo vilipotea, kimoja kikaliwa na mbuzi kule Dagahaley, au ndivyo tulivyoambiwa. Kananu alizunguka matawi yote akimfundisha mtu mmoja mmoja, akiwa na miguu iliyovimba.

Halafu mwaka jana, asubuhi moja, oda ya chanjo ya Takaba ilifutika tena. Safari hii jina lilikuwa la Dancan, karani mwenzake Weris, na Dancan ni mmoja tu. Kananu alimpigia simu. Dancan akatazama, akasema, "Ni mimi, madam. Nilitaka kufuta ya jana, kidole kikaangukia hii." Oda ikarudishwa, na lori likaondoka na chanjo. Hakuna aliyesimamishwa, kwa kuwa hapakuwa na kisa cha kumsimamisha mtu. Lilikuwa kosa la kidole.

Jioni ile Weris alimpigia Kananu. Nilidhani anapiga kushukuru. Kananu alisikiliza muda mrefu, kisha akasema, "Ndiyo. Inawezekana hata ile ilikuwa kidole tu." Upande wa pili kulikuwa na kilio. Kananu hakumkatiza, wala hakumwambia anyamaze. Alikaa na simu sikioni mpaka kilipoisha. Alipoiweka aliniambia, "Anauliza kwa nini hatukuwa na hiki mapema."

Tangu siku hiyo Weris humwita habaryar, mama mdogo, na wengi wetu tumemfuata.

Ijumaa ya kuagana, Idman, anayeshika nafasi yake, atalifunga jina la Kananu kwenye mfumo. Idman aliomba alifunge Jumatatu, kwa heshima. Kananu amekataa: saa kumi na moja jioni, kama mtu mwingine yeyote, na yeye mwenyewe atakaa pembeni aone linafungwa sawasawa. Mwalimu Muriuki atakuwa nje na gari la kukodi, na amesema hatazima injini.

Kwa niaba ya Mkurugenzi, wafanyakazi wa Garissa na matawi yote, na wafugaji ambao hawajui jina lako lakini mbuzi wao wako hai, tunakushukuru. Habaryar Kananu, umetuchoka na tumekuchosha, na bado hukutuacha. Mungu akufikishe Nkubu salama, akupe afya, watoto karibu, na asubuhi nyingi ambazo hakuna atakayekupigia simu. Tukikosea tutajaribu wenyewe kwanza.

Rukiyo Gelle
Idara ya Mauzo, Garissa