AC ya Kila Alkhamisi

Baraza yetu ipo Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, mbele ya duka la dobi, na mtu asikwambie kuwa ni ya watu wasio na kazi. Kazi tunayo: kubishana. Yupo Humaid, mstaafu tunayemwita Wizara, maana hadi leo anasema "sisi serikalini". Yupo Sinan, yaani Redio, na huyo haelezwi, husikika mwenyewe. Yupo Sleyum, kwao Ibra, mwendo wa kama saa mbili kwa gari, kazi yake kiwandani Rusayl, na hapa Maskati amekodi chumba katika jumba lililogawiwa vyumba hadi chini ya ngazi. Tunamwita Mpangaji, nami nampenda kama mdogo wangu ingawa hajapata kununua halwa hata siku moja. Alkhamisi hii, baada ya alasiri, Wizara alikuja na jamaa yake, Maan, aliyetoka Sur juzi kutafuta kazi na pa kulala. Tukammiminia kahawa kutoka kwenye dele.

REDIO: Chumba? Maskati hii? Utalala kwenye dele la kahawa!

MPANGAJI: Kodi yangu imepanda tena. Na jiko mwenye nyumba kaligeuza chumba, katia mpangaji mwengine.

REDIO: Na majumba ya Ibra matupu, yanafunguliwa Idi kwa Idi!

WIZARA: Dawa ni kuhamisha maofisi. Sisi serikalini tulikuwa tukilisema hili. Moja Ibra, moja Sur, moja Nizwa.

REDIO: Na wewe ungehama?

WIZARA: Mimi nishastaafu.

REDIO: Yakhe, tatizo ni uzito. Maskati imeelemewa na watu. Alkhamisi wakirudi makwao kwa mapumziko ya Ijumaa na Jumamosi mji unapanda, Jumamosi usiku unashuka. Zile nyufa za barabarani ulidhani nini?

Tulicheka sote isipokuwa Mpangaji.

MIMI: Una nini leo?

MPANGAJI: Mama anawasha AC.

REDIO: AC gani?

MPANGAJI: Ya chumbani kwangu, Ibra. Kila Alkhamisi akishasali alasiri anaiwasha, nikifika nikute baridi. Na mimi tangu Idi sijenda. Ijumaa na Jumamosi nnaendesha teksi, kodi ya huku ipatikane.

WIZARA: Si umwambie huendi?

MPANGAJI: Nnamwambia, lakini Ijumaa asubuhi, keshaiwasha. Anasema haidhuru, wiki ijayo.

REDIO: Basi hapo! AC si inatoa joto nje? Mama zetu nchi nzima wanapooza vyumba vitupu, lile joto linakwenda wapi? Linatufuata huku! Ndiyo maana Maskati inaungua!

Hata Wizara alitikisa kichwa kukubali. Maan akaweka kikombe chini.

MAAN: Leo nani anampigia aizime?

Redio, mwenye jibu la kila kitu, akaanza kuchagua tende. Wizara akasema hilo si la serikali. Mimi niliona uchungu, nikaomba moyoni asipige simu mtu yeyote. Lakini Mpangaji alishatoa simu, na mama yake ni wale wanaopiga kelele simuni, kwa hiyo tulisikia sote.

— Mama, ile AC...

— Kishapoa chumba, baba! Na shuka mpya nimekutandikia. Umefika wapi?

Mpangaji alitutazama mmoja mmoja. Sikujua nimwangalie wapi.

— Nishatoka, mama. Nipo njiani.

Akakata simu, bado kakaa palepale, kikombe mkononi.

MPANGAJI: Na kodi je?

Redio alimnyang'anya kikombe, mimi na Maan tukamshika mikono tukamwinua, na Wizara akamsukuma mgongoni kuelekea kwenye gari lake.

WIZARA: Ushamwambia upo njiani. Basi kuwa njiani.