Radhiya binti Mahmud na Mchanga wa Moto

Bismillahi Rahmani Rahim. Mabwana na mabibi mliofika hapa Kipungani katika hitma hii ya siku ya tatu, anayesoma ni Kamaludin bin Jeilani, mjomba wa marehemu, lakini maneno ameyaandika dada yake, Ummu, mamake mtoto, aliye pale nyuma ya pazia pamoja na wanawake, naye ameomba yasomwe yote, asirukwe mtu wala neno, kwa sababu Radhiya ameshakwenda ila mdogo wake, Tima, yuko, na goti la Tima limevimba tangu Ijumaa.

Marehemu Radhiya binti Mahmud alizaliwa hapa Kipungani, Jumatano ya tarehe 4 Januari 1950, siku mbili baada ya Maulidi, nyumbani kwa bibi yake mzaa baba, Bi Mwanamkisi, akiwa mtoto wa kwanza wa Mahmud bin Athman, fundi wa milango mjini Amu, na wa Ummu, aliyesomeshwa Unguja hadi sekondari, na tangu arudi hajapumua, maana kila alisemalo huambiwa hilo ni la skuli.

Alitiwa chuoni mwaka 1955, akahifadhi Juzuu Amma upesi na kwa sauti ya kusikika hadi kisimani, ila kuandika kulimshinda, kwani mwaka huohuo magoti yalianza kuvimba na vidole kukakamaa kila asubuhi, na mwalimu alipomuuliza, "Radhiya, mkono wako umelala?" alijibu, "Haukulala, mwalimu, umeamka mbele yangu nao umekasirika," chuo kizima kikacheka, mwalimu naye akacheka, wala hapana aliyeuliza umekasirikia nini.

Kazi yake ilikuwa ya wanawake wa hapa, kusuka ukili wa mikeka ubavuni mwa bibi yake, na vidole vilipokataa kabisa akageuka msimamizi, akikaa na kusema, "Bi, umeruka mmoja," na Bi Mwanamkisi akimjibu, "Nyamaza, mzee wangu," huku akifumua, kwa sababu kweli alikuwa ameruka.

Kwenye ndoa na watoto mamake hakujua aandike nini juu ya mtoto wa miaka minane, ila jamaa wamesema mpango wa wasifu wa marehemu ndio huo, basi na iandikwe kwamba mwaka jana alimwoza mwanasesere wake wa matambara, akapokea mahari ya kashata, akaila yeye, na alipoambiwa mahari ni haki ya bibi arusi akasema, "Bibi arusi hana meno."

Ama maradhi, na hapa msomaji asiteremshe sauti, tangu enzi za wazee mwenye baridi ya viungo hufukiwa hadi kiunoni katika mchanga wa moto wa vilima vya Shela, adhuhuri, jua likiwa utosini, na Radhiya alipelekwa huko kwa punda mwezi wa Februari 1956, magoti yakalegea, akatembea mwenyewe, watu wakapiga vigelegele, na kesho yake uso ukawaka wekundu kutoka shavu hadi shavu kupitia puani, homa ikapanda, mdomo ukajaa vidonda, wengine wakasema kijicho, wengine wakasema damu chafu inatoka, mamake akasema ni jua, wakamwambia, "Hiyo skuli yako ya Unguja ilikufundisha yua ni adui? Yua ndilo dawa ya baridi, mwanangu," na kila magoti yaliporudi kukaza akarudishwa mchangani, na kila alipotoka mchangani uso ukawaka, wao wakihesabu magoti, mamake akihesabu uso, wote wanamtazama mtoto mmoja.

Mwezi wa Agosti 1957 walimfikisha Mombasa, daktari akampima damu na mkojo, akasema maradhi ni mawili yaliyopandana katika mwili mmoja, moja baridi yabisi ya watoto, linalopenda joto, la pili huitwa lupus, lisilotaka jua hata kidogo, nalo limeshagusa figo, hayaambukizi, hayaletwi na jicho la mtu, na mtoto akandwe kwa maji ya moto ndani ya nyumba, ameze vidonge bila kukatiza, afichwe na jua, na Radhiya akarudi akacheka, akanenepa, mamake akaanza kulala usingizi. Vidonge vilipokaribia kwisha, mwezi uliopita, mamake alikwenda Amu kungojea vingine vilivyoagizwa, motaboti ikachelewa, magoti yakakaza, na kwa huruma, kwa huruma tupu, mtoto akapandishwa punda. Mamake aliporudi na vidonge mkononi alikuta nyumba tupu. Tangu siku ile Radhiya alivimba uso na miguu, mkojo ukapungua, akafariki Jumapili ya tarehe 9 Machi 1958, baada ya alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa bibi yake.

Familia inamshukuru daktari wa Mombasa, majirani waliochimba na kubeba, mafundi wenzake Mahmud waliofunga kazi Amu, na Bi Mwanamkisi, ambaye hakuna aliyempenda Radhiya kumshinda, na ndiyo sababu mamake anaogopa, kwani mapenzi yaleyale jana yameuliza ni punda wa nani atakayempeleka Tima mchangani kesho. Anayetaka kumpa Ummu pole asimpe pole, amsaidie Tima apande motaboti ya Mombasa kesho asubuhi, amfunike kwa mwavuli hadi gatini, na ikiwa goti la Tima litaonekana kuwa baridi tu, basi Ummu achekwe Kipungani nzima, atafurahi kuchekwa.

Radhiya, Mola akutie chini ya kivuli chake, siku ambayo hapana kivuli ila chake. Pumzika, mwanangu, kivulini.