Kijimoto cha Fundi Cherehani

Mzee Chumvi anaapa kwa mvi zake zote kwamba haya ni kweli tupu, hajaongeza hata punje. Mbele yake kwenye treni, fundi cherehani alikuwa akimlalamikia muuguzi waliyekutana humo humo: mwanawe anakohoa, dawa hazisaidii.

"Vipande vya nailoni vinavyobaki ukishona unavipeleka wapi?" muuguzi akauliza.

"Navichoma uani, dada. Moshi si unapaa, unakwenda zake?"

"Uende wapi? Masizi anayavuta mwanao. Hewa ya kaboni inabaki juu, inatufunika kama blanketi, joto halitoki."

"Kijimoto changu ndicho kiifunike dunia? Acha masihara!"

"Peke yake, hapana. Ila kuna viwanda, magari, na wewe. Kila mmoja anaongeza uzi wake. Fundi mzima nikufundishe blanketi?"

Mzee Chumvi alimvulia muuguzi kofia kimoyomoyo. Huyu angeongea na jiwe likaelewa.

"Na nisipovichoma, nivilalie?" fundi akang'aka.

Mzee, kwa kunogewa, akamaliza maji yake na kurusha chupa dirishani.

"Babu!" wakafoka kwa pamoja.

Treni iliposimama, alishuka amekumbatia mfuko wa chupa tupu walizomwokotesha behewa zima. Wale wawili walimfuata nyuma kama askari, bado wanabishana.